Wakili Aliyesoma kwa Sauti

Nilikuwa kwa kinyozi wangu pale Kondele, upande mmoja wa kichwa umeshanyolewa na mwingine bado, aliposimamisha mashine yake na kuniambia kwamba yule loya wa kusoma amefariki. Hakulazimika kutaja jina. Kisumu ina mawakili wengi, wengine wana majumba na wengine wana magari unayoyatambua yakiwa bado mbali, lakini loya wa kusoma alikuwa mmoja tu. Kinyozi alikuwa ameipata habari kwa mteja aliyetoka kabla yangu, mfanyakazi wa hospitali alikolazwa wakili, kwamba moyo ulimsimama asubuhi ile. Nikabaki nikijitazama kwenye kioo na kichwa changu cha nusu kwa nusu, na nawaambia kweli, hasira ilinifika kabla ya huzuni. Madalali wa mji huu ambao nimewasema katika safu hii mara nyingi wote wako wazima, wanakula vizuri na kulala vizuri, halafu anaondoka yeye.

Hatukuwa marafiki. Tulikuwa watu wa kusalimiana barabarani, na mara mojamoja kunywa chai pamoja katika hoteli ndogo iliyokuwa chini ya ofisi yake, yeye akiijaza sukari kama mtu aliyelelewa karibu na kiwanda cha sukari. Na kweli alilelewa huko, Muhoroni, nitafika hapo. Kazi yake ilikuwa ile ambayo magazeti hayana haja nayo: mikataba ya biashara na mauzo ya ardhi. Wenye maghala ya mchele, wenye malori ya miwa, wafanyabiashara wa samaki, familia za Kihindi zenye maduka tangu enzi za babu zao, wote walipitia kwake. Hakuwa wakili wa kupaza sauti mahakamani. Alisema watu wakifika mahakamani kwa sababu ya ardhi, basi kuna wakili mahali fulani aliyefanya kazi ovyo. Na alikuwa na desturi moja iliyompa lile jina, na iliyowaudhi karibu wote waliomlipa. Hakukubali mauzo ya ardhi yenye watu yatiwe sahihi ofisini. Ilikuwa lazima aende kwenye ardhi yenyewe, awakalishe wote wanaoishi katika ile dala, yaani boma zima, mama na wake za watoto wakiwemo, kisha asome mkataba wote kwa sauti, kwa Kijaluo, kifungu baada ya kifungu. Akimaliza alifunika kalamu yake, akaitia mfukoni, akanyamaza. Hapo ndipo watu walipotamani kumpiga, maana alinyamaza kupita adabu, akingoja mtu aulize.

Mimi mwenyewe nilionja ukaidi wake. Nilitaka kununua ploti nje kidogo ya Ahero, na muuzaji alikuwa amenionyesha wakati wa kiangazi, ardhi imetulia, nyasi kavu, barabara iko pale. Nikampelekea wakili nikidhani ni kazi ya kugonga muhuri tu. Akaniambia turudi mvua ikinyesha. Nilimwambia mwenye ploti ana wanunuzi wengine, akajibu kwamba basi awauzie hao. Masika yalipoingia alinipigia simu, akaja amevaa buti za mpira, mimi nimevaa viatu vya kanisani, tukasimama katikati ya ploti yangu maji yamefika magotini, na kitu fulani, sijui kamongo, yule samaki wa matopeni, sijui nyoka, kikapita kati ya miguu yetu. Akafungua faili, akaanza kusoma: ardhi kavu inayofaa kwa makazi. Majirani waliokuja kusikiliza walicheka mpaka muuzaji mwenyewe akacheka. Sikununua. Viatu navyo havikupona.

Lakini siku ninayotaka kuisimulia haikuwa na kicheko. Mteja wake mkubwa wakati huo alikuwa mfanyabiashara mmoja wa ukoo wa Kihindi, mzaliwa wa mji huu, mtu anayeongea Kijaluo kuliko watoto wangu. Alitaka kujenga ghala la barafu la samaki, akapata kipande cha ardhi kando ya ziwa, mbele kidogo ya ufuo wa Dunga. Hati miliki ilikuwa kwa jina la kijana mkubwa wa familia, kwa sababu baba yao alishafariki na mirathi ilishamalizika. Ndani ya kile kipande iliishi dala yao, na katika dala alikaa mama yao mjane, na mbele ya nyumba ya mama lilikuwa kaburi la mumewe. Huku kwetu mwanamke aliyeolewa hana mahali pengine pa kuzikwa ila katika dala ya mumewe. Kwao alikozaliwa hapokelewi tena, na mjini ni ugenini. Kwa hiyo kilichokuwa kinauzwa hakikuwa shamba la mama tu. Kilikuwa ni mahali atakapolazwa akifa. Kwenye karatasi mama alikuwa ameshakubali, alama ya kidole chake ilikuwepo chini ya ukurasa, bluu kabisa. Wakili aliitazama ile alama, akasema ule ni wino tu, yeye anataka kumsikia mwenyewe.

Nilikwenda naye kwa sababu nilikuwa naandika juu ya fukwe zinavyouzwa, na nilipofika nilijua tumeingia pabaya. Nje ya ua walikuwa wamesimama vijana ambao hawakuwa wa dala ile, wamekodiwa, kila mmoja na rungu lake, wanajifanya wanapunga upepo. Aliyewaleta alikuwa dalali, mtu wa kutoka mbali, mwenye miwani myeusi asiyoivua hata kivulini. Alikuwa ameahidiwa fungu lake siku sahihi zitakapotiwa, na alitaka zitiwe siku ile. Mnunuzi alibaki ndani ya gari lake huku kioo kimeshushwa. Yule kijana muuzaji alitupokea vizuri mno, akatuletea viti mwenyewe, lakini kila mara alimtazama dalali kabla ya kujibu. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka mlangoni pa nyumba yake, miguu ameinyoosha, wake za watoto wake nyuma yake. Hakuna aliyekuwa amemweleza kwa nini siku ile viti ni vingi hivyo.

Wakili alianza kusoma. Nimeyasikia mahubiri mengi na hotuba nyingi katika kazi hii, sijasikia usomaji wa kutisha kama ule, na alisoma kwa sauti ya kawaida tu. Mipaka ya ardhi. Wahusika. Bei, na itakavyolipwa. Dalali alianza kukohoa. Kijana akasogea, akamwinamia wakili, akamwambia kwa sauti ya chini lakini sote tukaisikia, "Wakili, hiyo ingine si tunajua? Ruka tu, jua ni kali, mama anachoka." Wakili akamjibu kwamba mama ana kivuli, akaendelea. Akafika kwenye kifungu ambacho kila mkataba wa mauzo unacho, ambacho mimi na wewe tungekipita bila kukitazama: muuzaji atakabidhi ardhi ikiwa tupu, bila mtu, bila nyumba, bila mazao. Alikisoma kwa Kijaluo cha wazi, kile cha sokoni, mtu asije akasema hakuelewa. Mama akainua uso. Akasema, "Wuoda, soma hapo tena." Wuoda ni mwanangu, na sijui kama alimaanisha kijana wake au wakili, lakini aliyetii ni wakili. Alisoma tena, polepole. Kisha akafunika kalamu, akaitia mfukoni, akanyamaza.

Mmoja wa wake za watoto alianza kulia bila sauti. Vijana wenye marungu walikuwa wameingia ndani ya ua, hatua kwa hatua, kana kwamba wanafuata kivuli. Niligundua kwamba gari tulilokuja nalo limewekewa gogo mbele ya magurudumu. Dalali alimsogelea wakili akamwambia, akitabasamu, "Mzee, malizia kazi. Hapa kwenyewe kutoka si rahisi vile unafikiria." Wakili hakumtazama. Alikuwa anamtazama mama, na mama alikuwa analitazama kaburi. Kisha mama akasema, na akasema kwa Kiswahili, makusudi, ili hata yule dalali wa kutoka mbali asikie:

"Mimi waliniambia ni kukodisha. Ya mwaka tu, halafu inarudi. Sasa nauliza kitu moja. Mzee wangu yuko pale. Mimi nikikufa mtanizika wapi?"

Kijana wake alikaa chini palepale, kwenye vumbi, na kuficha uso. Wakili akafunga faili na kusema kwamba mkataba ule hautatiwa sahihi mbele yake. Mnunuzi alikuwa ameshuka garini kwa hasira, akamwuliza kwa Kijaluo safi yeye ni wakili wa nani, wa mnunuzi au wa yule mama. Wakili akamjibu, "Wako. Ndiyo maana nakuzuia. Hapa hununui ardhi, unanunua mama ya mtu." Hapo vijana walisogea kwa kweli, na mimi, nisiwadanganye, nilikuwa natafuta mahali pa kupita kwenye ua. Kilichotuokoa ni mama. Aliinuka kwenye mkeka, akajikung'uta, akamshika wakili mkono kama anavyoshikwa mtoto wa kupelekwa shule, akaanza kutembea naye kuelekea garini katikati ya wale vijana. Hawakuthubutu. Hata kijana aliyekodiwa ana mama yake nyumbani, na anajua mwanamke wa umri ule akimlaani hatapona. Walilisogeza gogo wenyewe. Nilipanda gari nyuma ya wakili, nikaona mkono wake, ule ulioshikwa, umelowa jasho mpaka kwenye kiwiko.

Wiki ile mnunuzi alizihamisha faili zake zote, na wateja wengine wenye uzito wakamfuata, maana habari ilienea kwamba loya huyu anaweza kukuvunjia dili mbele ya watu. Wengine walisema amehongwa na mjane, kana kwamba mjane alikuwa na cha kuhonga. Ofisi yake ikawa baridi. Nilipanda siku moja kumwona, nikamkuta anasoma gazeti la juzi, na kwa mara ya kwanza nikamwuliza alijifunza wapi ukaidi huo. Ndipo akaniambia habari za Muhoroni. Baba yake alikuwa na shamba kwenye mwinuko, si kubwa lakini lake. Walikuja watu na karatasi, wakamwambia ni ruhusa ya kulima miwa kwa misimu michache, akaweka kidole. Yalikuwa mauzo. Familia ikahamia kwenye nyumba za vibarua, baba akawa anakata miwa kwa ujira katika shamba lililokuwa lake, na alipokufa akazikwa kwenye makaburi ya umma, kando ya barabara, bila mtu wa ukoo kulala karibu naye. Wakili alikuwa shuleni wakati huo, na ada yake ilichangwa na kanisa. Alisema baba yake hakuwa mjinga, alikuwa anajua kila mti wa shamba lile, ila hakuna mtu aliyemsomea. Alilisimulia hilo bila kupandisha sauti, huku akikoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka kitambo.

Mambo ya Dunga hayakuishia pale, na namalizia sehemu hiyo kwa kumtendea haki mnunuzi. Alipata wakili mwingine upesi, na wakili huyo alikuwa tayari kuendelea na kidole cha bluu. Lakini yule Mhindi hakuendelea. Nilikutana naye baadaye kwenye arusi, nikamwuliza kwa nini. Aliniambia, "Sisi kwetu hakuna kaburi, Bwana. Majivu ya baba yangu tulimwaga hapa, kwa hili ziwa. Yule mama alipouliza, nilielewa kila neno. Nililala siku mingi na hasira, lakini nilielewa." Alirudi kwa wakili wa zamani, wakaita mpimaji, dala na kaburi vikatengwa, ghala likajengwa upande wa pili. Liko mpaka leo, na mama naye yuko mpaka leo, na kijana wake anafanya kazi mle ndani ya barafu. Dalali alihamia mji mwingine, nasikia anaendelea vizuri.

Nimefikiri sana juu ya haya yote siku hizi ambapo ardhi ya mji huu inauzwa kwa picha kwenye simu. Tangu barabara zipanuliwe na bandari iamke, kila mtu ana ploti ya kukuonyesha, na ploti zote kwenye picha ni kavu, zina nyasi za kijani, na hazina mtu. Picha haina mama mlangoni. Mawakili vijana wananiambia siku hizi kila kitu kinatumwa kwa kompyuta, unatia sahihi ukiwa Nairobi au ng'ambo, na shughuli inakwisha kabla chai haijapoa. Sipingi haraka, nimezeeka lakini sijawa mpumbavu. Ninachouliza ni nani anayelisikia lile neno tupu, ardhi itakabidhiwa ikiwa tupu, na je, aliyelisikia ndiye anayelala pale. Ziwa lenyewe lilipopanda miaka ile na kumeza mashamba ya watu, lilianza na wale walionunua kwa macho ya kiangazi. Wenye kujua walikuwa wapo, walikuwa majirani, ila hakuna aliyenyamaza akawangoja waseme.

Mazishi yake yalikuwa Jumamosi iliyopita, kwenye mwinuko wa kuelekea Muhoroni, katika ardhi aliyoinunua na kuijenga kuwa dala yake, si mbali na ile iliyompotea baba yake. Yeye ndiye wa kwanza kulazwa pale. Tulikuwa wengi, na mwanzoni mambo yalikwenda kama yanavyokwenda, nyimbo, hotuba, kanda za video. Kisha binamu yake mmoja akashika kipaza sauti. Alilia kwanza, vizuri tu, halafu akasema kwamba ardhi ya ndugu yao ni ardhi ya ukoo, na kwamba baada ya maziko wanaume watakaa wapange jinsi ya kuiangalia, na mama wa nyumba asiwe na wasiwasi, atatafutiwa mahali. Niliona wanaume kadhaa wakitikisa kichwa kukubali. Mjane wa wakili alikuwa ameketi karibu na jeneza, ametazama chini. Hewa ilibadilika pale hemani, na kila mtu aliyewahi kuona mjane akifukuzwa aliijua hewa ile. Kasisi alianza kupekua kitabu chake kutafuta wimbo.

Ndipo mwanamke mmoja mzee akainuka kutoka nyuma, akisaidiwa na kijana aliyevaa koti la kazi. Nilimtambua kwa mwendo, ule mwendo wa kutuvusha kati ya marungu. Alikuwa ametoka Dunga alfajiri. Hakuomba kipaza sauti, na msimamizi wa sherehe alipotaka kumrudisha akamwambia aketi yeye. Alifika mbele, akaliweka ua moja la porini juu ya jeneza, akageuka. Alisema yeye si ndugu, wala si mteja, hakuwahi kumlipa marehemu hata shilingi. Akasema siku moja mtu huyu alimngoja aulize, na sasa yeye amekuja kuuliza. Akamtazama mjane, si binamu.

"Nyar Nam," akamwita, binti wa ziwani, kwa sababu alijua kwao ni upande wa ziwa, "bwana yako anaingia hapa. Wewe mahali yako ni wapi?"

Kisha akafanya alichofundishwa. Akanyamaza. Alisimama pale na fimbo yake, mbele ya wazee wote wa ukoo, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kujaza kile kimya. Binamu alikuwa bado ameshika kipaza sauti, na tulisikia pumzi zake zikitoka kwenye spika. Mjane wa wakili aliinuka taratibu. Alinyoosha mkono, akaonyesha udongo ulio kando ya shimo, upande wa nyumba yake. "Hapa," akasema. "Alinionyesha mwenyewe siku tulihamia. Alinisomea hati yote, nimesimama hapa hapa. Iko na majina yetu wawili." Mama wa Dunga akaitikia kwa kichwa, akasema ero kamano, asante, akarudi kukaa. Binamu akakiweka kipaza sauti juu ya meza. Jeneza likateremshwa.

Basi, wasomaji wangu, mkinunua au mkiuza, kodini mawakili wazuri, wapo. Lakini karatasi ikishakuwa tayari, nendeni nayo mpaka kwenye ardhi yenyewe, muisome kwa sauti kwa lugha ya wanaoishi hapo, mkimtazama aliyekaa nyuma kabisa kwenye mkeka. Kusoma si kazi, wengi wetu tunajua kusoma. Kazi ni kufunika kalamu baada ya hapo, na kunyamaza, na kuvumilia kile kimya hata kikianza kuuma, mpaka yeye aulize atazikwa wapi.